Muzungu Asiye na Ukoo

Juzi tulipomuzika Papa Lambert, mama mumoja wa parokia, wa wale wanaopenda kupanga watu kwenye viti kana kwamba musiba ni wao, alinishika mukono mulangoni akaniuliza: "Weye ni nani wa marehemu?" Nikamwambia mimi ni mutoto wake. Akanitazama juu mpaka chini. Watoto wa Papa Lambert anawajua wote, na mimi simo. Akataka kunipeleka nyuma, kwa majirani. "Mama, uliza ndani," nikamwambia, nikapita, nikaenda kuketi chini pamoja na wenye musiba, na hakuna aliyenifukuza. Lakini swali lake lilinikaa kama mwiba wa samaki. Ningeweza kumujibu vizuri zaidi. Ningemwambia: mama, nilipokuwa musichana niliingia katika nyumba hii kama mupangaji, nikawa mukwe, nikatoka nikiwa mutoto, yote ndani ya mwaka mumoja, na hakuna hata mara moja muntu aliniuliza mimi mwenyewe ninataka kuwa nani.

Wengine wakiandika maisha yao huanza na babu wa babu, alitoka wapi, aliua simba gani. Mimi na mababu tumegombana, kwa hiyo mambo ya kwetu Moba nitayaruka. Naanza na sebule. Papa Lambert alikuwa amestaafu kazi ya reli, akikaa katika nyumba ya matofali mekundu juu kidogo ya stesheni. Nyuma kulikuwa na anexe, chumba kimoja na jiko lake, na hicho ndicho nilichopanga nilipokuja Kalemie kusoma uuguzi. Siku niliyoingia kuchukua ufunguo, nilitafuta ukutani picha ya Bikira Maria, nikaikuta, lakini ilikuwa imesukumwa kwenye kona. Katikati palikuwa na ramani ya nchi moja ndefu, yenye maziwa mengi kama kitambaa kilicholiwa na mende. "Hiyo njo kwetu," Papa Lambert alisema bila kucheka. Nilimutazama: muzee wa rangi ya chai ya maziwa, suruali ya reli yenye kiraka gotini, Kiswahili cha hapahapa Kalemie. "Kwenu wapi, Papa?" "Finlandi." Nikasema sawa, nikachukua ufunguo. Moyoni nikasema, ee Mungu, nimepanga kwa kichaa.

Hakuwa kichaa. Mama yake, Nkambo Felisita, nkambo maana yake bibi, ambaye bado alikuwa hai na alilala chumba cha mbele, alizaliwa na fundi muzungu wa meli za moshi, muntu wa Finlandi, aliyefanya kazi kwenye ziwa letu wakati wa Wabeleji. Fundi huyo alikaa na mama wa Nkambo mpaka mutoto akaanza kutembea, halafu siku moja akapanda meli kama siku nyingine zote, na hakurudi. Aliacha nusu ya jina tu: Heki. Kutokana na hiyo nusu ya jina, Papa Lambert alitaka kupata muntu muzima. Watu wengine wakistaafu wanafuga bata ao wanacheza dama. Yeye alimutafuta Heki. Alianza zamani, kwa barua. Internet ilipofika mujini, alikuwa kati ya wa kwanza kukaa kwenye viti vya siberi, duka la kompyuta za kulipia, na humo ndani ya kompyuta akakutana na Wafini wenye ugonjwa kama wake, wazee wanaoshinda wakisoma vitabu vya ubatizo vya makanisa yao ili wajue babu wa nani alizaa nani. Mumoja wao, Mama Irma, akawa rafiki yake. Ni Mama Irma aliyemueleza habari ya kipimo cha ADN: unatema mate ndani ya kichupa, kichupa kinakwenda ng'ambo, na mashine inakuambia unachangia damu na nani kati ya wote waliotema kabla yako. Papa Lambert alikuwa amekwisha kutema. Majibu yalimupa Finlandi kidogo ndani ya damu, na ndugu wa mbali, wa mbali kabisa, majina yao yamejaa a na i mpaka Mama Julie, muke wake, alisema watu hao wanaitana huku wanapiga miayo.

Nyumba ile ilikuwa ya kucheka, nataka hilo lijulikane, maana yaliyofuata yanaweza kulifunika. Muchana tulikula mikebuka, samaki wa ziwa letu, na bukari ya muhogo na sombe ya majani yake, mulango wa nyuma wazi, na Papa Lambert angeshika tonge hewani akisahau kulila, anaeleza namna Wafini wanavyotoboa barafu ili wavue samaki. Mama Julie angemuacha aseme, halafu: "Huyu Heki hajaleta hata kilo moja ya muchele humu ndani, lakini kila siku anakula na sisi." Deo, mutoto wao wa kwanza, aliyefanya kazi bandarini, angecheka mpaka akohoe. Nilianza kumupenda kwa hicho kicheko. Alikuwa na namna ya kufunika mudomo kwa mukono wa kushoto kama musichana. Mvua za kwanza hazijakwisha, akawa analeta dawa ya mbu mulangoni kwangu kila baada ya siku mbili, mpaka Mama Julie akamuuliza kama mbu wa anexe wanakula hiyo dawa kwa kijiko.

Basi wakatuma watu Moba kuniposa, na mujomba wangu Kizito akashuka na mashua kuja kusikia. Kwetu, mutoto ni wa ukoo wa mama yake, na mujomba ndiye mwenye neno. Kabla ya kupokea chochote, pande mbili zinataja koo, kwa sababu wa damu moja hawaoani. Hilo halina mujadala. Upande wa Deo wakataja ukoo wa mama yake, kisha ukoo wa Papa Lambert, yaani wa Nkambo Felisita, yaani wa mama wa Nkambo. Heki hakutajwa. Angetajwa vipi? Ukoo unapitia kwa wanawake, na muzungu hana ukoo. Upande wangu wakataja ukoo wa mama yangu, na ukoo wa baba yangu kupitia mama yake. Babu yangu, baba wa baba, alipita kimyakimya naye, na aliyemuzaa huyo babu hakuna aliyemukumbuka. Kizito akasikiliza mpaka mwisho, akasema njia ni nyeupe, akapokea zawadi ya kwanza. Nilipiga vigelegele mwenyewe jikoni, jambo ambalo bibi-arusi hafanyi. Tangu siku hiyo nikawa mukwe: sikula tena mbele ya Papa Lambert, nikampitia pembeni macho chini, na yeye akikohoa mulangoni kabla ya kuingia uani ili nipate nafasi ya kukimbia. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Kichupa cha pili kilifika baada ya Pasaka. Mama Irma alikituma mpaka Kigoma, na mama mumoja wa biashara ya vitenge akakivusha ziwa. Kilikuwa cha Nkambo Felisita. Yeye ndiye mutoto wa Heki mwenyewe, damu yake ingesema zaidi kuliko ya Papa Lambert. Papa Lambert alivaa shati safi, akamupelekea kichupa kwenye kiti chake barazani kama muntu anayepeleka sakramenti. Nkambo akakigeuzageuza, akakirudisha. "Mate yangu ni ya kubariki wajukuu. Siyo ya kutuma posta." "Mama, ni kidogo tu." "Lambert. Baba yangu alikwenda bila kuaga. Muntu akienda bila kuaga, mumuache. Mukimuita sana ataitika, na hamutajua ameitikia ndani ya nani." Mimi nilikuwa nachambua muchele karibu na mulango. 

Sasa kichupa kilibaki, na kina tarehe yake ya kuharibika, na Papa Lambert hakuwa muntu wa kutupa kitu kilichovuka bahari. Akanitumia Mama Julie. Mukwe atakubali? Watalinganisha tu, waone damu tupu ya mulimani kwetu Moba, isiyo na Heki ndani, inasomeka namna gani. Mama Julie mwenyewe alipiga makofi ya mushangao alipokuwa ananiambia: "Yesu na Maria! Mukwe kutema mate mbele ya baba-mukwe! Nimezeeka, nimeona." Tulicheka sana. Nikachukua kichupa nikaenda nyuma ya jiko, nikatema huku nimempa mugongo hata bata wa jirani, nikafunga, nikakipitisha kwa Mama Julie, naye akakifunika kwa kitambaa kabla ya kumupa mume wake. Nilikubali kwa sababu nilitaka kupendwa. Muntu anayetaka kupendwa na nyumba mupya anakubali kila kitu, hata kutoa mate yake bila kuuliza yanakwenda kusema nini.

Halafu tukangoja. Ziwa lilikuwa limepanda mwaka ule, likila ufuko, na njia niliyozoea kwenda hospitali ikakatika. Nikawa nazunguka juu, nachelewa, narudi nikiwa na harufu ya dawa na hofu nisiyoijua ni ya nini. Umeme unaotoka bwawa la Bendera ulikatika siku nyingi mfululizo. Usiniulize hivyo vinahusiana vipi na mate yangu. Ninachosema ni kwamba nilikuwa naamka asubuhi nikiwa kama muntu aliyeacha chungu motoni na hakumbuki ni chungu gani. Jumamosi moja nilikuwa namukata Nkambo Felisita kucha za miguu. Kitambaa changu cha kichwa kiliteleza. Akanyoosha mukono akanishika sikio, si kwa upendo, kwa nguvu, kama unavyoshika mwizi. "Haya masikio yenye kukunjwa juu, ulitoa wapi?" "Kwa baba, Nkambo. Na baba alitoa kwa babu." "Babu yako alikuwa mwekundu?" "Kidogo. Watu walisema ni baridi ya mulimani." Aliachia sikio langu. Akavuta kitambaa chake mwenyewe, taratibu, kikafunika masikio yake mawili. "Inatosha," akasema. Muguu mumoja ulikuwa bado.

Kutoka siku hiyo hakutaka nimuguse. Nilifikiri nimemukosea. Ukuta wa jiko letu ulikuwa mwembamba, na adhuhuri moja nikamusikia anamwambia Mama Julie: "Muache kwanza hii harusi." "Kwa nini, Mama? Watu wamekwisha kuambiwa." "Miye sisemi. Muache tu." "Musichana amefanya nini?" "Hajafanya kitu. Njo ubaya wenyewe." Mama Julie alitoka jikoni akanikuta nimesimama na ndoo. Yeye alinishika bega, akapita.

Majibu yalifika muchana wa Jumatano. Papa Lambert alimutuma Deo aniite siberi, nami nikaenda na vazi langu jeupe la mazoezi ya hospitali, nikifikiri nitaonyeshwa rangi za ramani. Kumbe alikuwa amesimama. Muzee huyo, ambaye mbele yangu alikuwa hata hapigi chafya, alinikumbatia mbele ya watu wote, akanitikisa, akilia machozi. "Nasta! Nasta, uko wetu! Nimemupata!" Akanionyesha kioo. Juu ya Wafini wote wa mbali, juu kabisa, karibu kuliko muntu yeyote aliyewahi kumupata katika miaka yote ile, lilikuwa jina langu. Wafini walewale waliokuwa ndugu zake walikuwa ndugu zangu pia. Mashine haikusema kwa njia gani, lakini Papa Lambert alikuwa amefanya hesabu hizo tangu zamani: babu yangu wa Moba na Nkambo Felisita ni watoto wa baba mumoja. Akapiga simu Moba palepale, kwa baba yangu. Baba akasema bibi yake alikuwa akifua nguo za wazungu wa meli kule bandarini Moba, na hakupenda kuulizwa juu ya hilo. "Ni yeye!" Papa Lambert akapiga kelele. "Meli ilikuwa inapanda na kushuka! Ni Heki!" Nilikuwa nacheka, naye akicheka, siberi yote inacheka. Nikageuka nimuone Deo anafunika mudomo kwa mukono. Mukono ulikuwa chini. Alikuwa ananiangalia kama unavyomwangalia muntu anayezama, ukiwa hujui kuogelea.

Tulirudi kwa miguu. Papa Lambert alitangulia, anasema bila kupumua, atamuandikia Mama Irma, ataniletea picha ya theluji. Tulipofika kwenye reli, alisimama katikati ya neno. Akamuangalia Deo, akaniangalia mimi. Nikaona furaha inamutoka usoni kidogokidogo, na sina hakika kama imerudi tena siku yoyote ile, jinsi ilivyokuwa pale siberi. Kwetu hatuna binamu wa mbali. Wajukuu wa watoto wa baba mumoja ni kaka na dada, basi. "Twende nyumbani," akasema.

Mujomba Kizito alishuka tena kutoka Moba, na safari hii alikuwa anacheka. Tulikaa sebuleni Jumapili baada ya misa, chini ya ile ramani: Papa Lambert, Mama Julie, Nkambo kwenye kiti chake, Deo, mimi kwenye kona. Padri alikuwa amekwisha kuulizwa. Alisema sheria ya Kanisa haifiki mbali hivyo. Na Kizito naye alikuwa amefungua njia yake. "Jamani, mumenisumbua bure. Koo zimehesabiwa, ziko safi. Sasa munaniletea muzungu? Muzungu hana ukoo. Ni kama mvua, imenyesha, imepita. Nani anahesabu mvua?" Mama Julie akasema, "Kweli kabisa, ndugu yangu." Nilianza kupumua. Kisha Kizito, kwa heshima, akamugeukia Nkambo amalize. Nkambo Felisita akasema, "Baba yangu hakuniachia hata jina zima. Muulizeni huyu aliyemutafuta." Hapo vicheko vikaisha. Kizito akamuelekea Papa Lambert. "Haya, Lambert, sema mbele ya watu. Heki ni wa kuhesabiwa ao si wa kuhesabiwa? Ukisema si wa kuhesabiwa, leo tunapanga siku ya harusi."

Deo akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mbele ya baba yake, muntu muzima, fundi wa kreni. "Papa. Sema hapana. Neno moja tu, Papa. Kesho utaendelea kumutafuta, hatutakucheka tena." Nilimuona Papa Lambert anafungua mudomo. Ninaapa alitaka kusema hapana. Alitupenda. Halafu macho yake yakaenda kwa mama yake, aliyekaa pale na mikono mapajani, anangoja naye kama sisi. Akasema polepole: "Nilipokuwa mutoto, wenzangu waliniambia mama yako alizaliwa na upepo. Nilirudi nyumbani nikamuuliza. Alilia. Tangu siku hiyo njo natafuta, siyo kwa ajili ya Finlandi. Sasa leo nikisema mbele ya watu kwamba Heki hahesabiwi, mama yangu ni mutoto wa nani?" Akainua macho kwenye ile ramani. "Anahesabiwa," akasema. "Ni babu yangu. Na Nasta ni mutoto wangu. Munisamehe." Akaanza kulia, na Nkambo Felisita akatazama mulango, uso mukavu kabisa.

Sitasema nilielewa. Nilitaka kumupiga. Niliinuka nikamwambia, mimi mukwe, macho kwa macho: "Papa, ulitafuta wafu, umekula wazima." Kizito akanivuta niketi. Watu wazima wanapenda kusema wakati unaponya. Mimi ni muuguzi, wakati nimeuona kazini, unaponya vidonda vidogo. Nilikaa mwaka muzima bila kumusemesha, na nilimusemesha tu kwa sababu aliugua, na alipougua nikagundua hakuna muntu mwingine duniani aliyewahi kunichagua mbele ya watu, hata kwa namna mbaya ile. Nilimuuguza mpaka juzi. Mama Irma mpaka leo ananiandikia: Nasta, kuna ndugu mupya, fungua uone. Sifungui. Nimekwisha kujua ndugu mupya anaweza kuja kuchukua nini. Na wanangu, niliowazaa na muntu mwema wa Kabimba, nimewakataza kutema mate yao katika chombo cha mugeni, na wananicheka, kama tulivyocheka sisi.

Deo hakungoja. Juma lilelile alipata nafasi kwenye meli ya kwenda Kigoma, akasema kuna kazi kule, na hakuna aliyemuuliza ni kazi gani. Mama Julie alishindwa kwenda bandarini, akanipa mimi mufuko wa mikebuka mikavu nimupelekee. Upepo ulikuwa unapiga, mawimbi yanaruka juu ya gati, na mabaharia walikuwa wanagombana kama meli itoke ao ingoje. Tulisimama kama watu wawili wanaongoja kuhudumiwa dukani. Siku zote alikuwa akiniita Nasta wangu. Nilingoja aniite hivyo mara ya mwisho. Nilikuwa nimeamua, akiniita hivyo, napanda naye, na Heki na ukoo wake waende zao. Alipokea mufuko. Alinipa mukono wake wa kushoto, ule wa kufunika kicheko, kwa sababu wa kulia ulikuwa na sanduku.

"Ubaki muzuri, dada," akasema.

Nikaitika.